Fundi na Mhandisi: Fikira juu ya Karakana ya Kigoma na Nyumba ya Kufundishia Uhandisi

Lugha yetu ilikwisha kukata shauri katika jambo ambalo vyuo vyetu vingali vikilijadili. Neno fundi na neno kufundisha yametoka katika shina moja. Aliyefundwa akafundika ndiye fundi, na fundi ndiye awezaye kumfunda mwingine. Neno mhandisi lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, nalo leo huja pamoja na ofisi yake, shahada yake na heshima yake. Hapana ubaya katika neno hili. Ubaya ni kwamba twazoea kudhani kuwa mhandisi ni mtu wa kichwa na fundi ni mtu wa mikono, kana kwamba Mungu alimpa kila mmoja nusu ya mwili. Katika insha hii nimekusudia kuonyesha, kwa ushahidi wa historia ya pwani ya Ziwa Tanganyika, kwamba watu hawa wawili waliwahi kuwa chini ya dari moja, au niseme chini ya jua moja. Kwamba majengo ya elimu yalikuwa na sehemu yake katika kuwatenga. Na kwamba majengo yaweza pia kuwarudisha pamoja.

Burton na Speke walipofika Ujiji katika Februari ya mwaka 1858, waliukuta mji wa biashara ambao chakula chake, habari zake na faida zake nyingi zilipita majini. Mitumbwi mikubwa ya siku zile ilichongwa katika magogo ya miti ya ng'ambo, upande wa magharibi wa ziwa, kwa kuwa misitu ya huko ilikuwa na miti minene kuliko ya upande huu. Msomaji apime maana ya jambo hilo. Mti haukuchongwa ofisini. Ulichaguliwa msituni, ukaangushwa, ukatobolewa, ukatiwa majini, na kila hatua ilifanyika mbele ya macho ya watu. Kijana aliyetaka kujua ufundi huo hakuandika barua ya kuomba nafasi. Alisogea, akashika shoka, akakemewa, akashika tena. Twaweza kusema kwamba ufuo ulikuwa karakana, na karakana ilikuwa shule, ingawa hapakuwa na ukuta hata mmoja. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nami naongeza kuwa wala hakosi elimu.

Mwaka 1878 alifika Ujiji Edward Hore, baharia aliyetumwa na Jumuiya ya Wamisionari ya London. Mwaka 1883 alirudi huko akiwa na mashua ya chuma, Morning Star, iliyokokotwa vipande vipande kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Baadaye ikafuata merikebu ya mvuke, Good News, ambayo vipande vyake vilipita njia ya Zambezi na Ziwa Nyasa, vikabebwa kwa nchi kavu hata mwisho wa kusini wa Tanganyika, na mwaka 1885 ikashushwa majini. Hapo ndipo lilipoingia jambo jipya katika historia ya ufundi wa ziwa hili. Mtumbwi huzaliwa mzima katika gogo moja, bali chombo cha chuma kilifika kikiwa mifupa iliyotawanyika, nacho kilidai akili ya kuunganisha. Kila kipande kilikuwa na mahali pake, na aliyekosea mahali pa kipande kimoja aliharibu kazi ya vipande elfu. Ramani na nyundo zililazimishwa kukaa pamoja.

Jambo hilo lilifikia upeo wake Kigoma. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika ziwani mwezi Februari 1914, baada ya mwendo wa kilomita zaidi ya 1,200. Kabla reli haijafika, serikali ya Wadachi ilikwisha kuagiza meli katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg. Meli hiyo, Graf von Götzen, iliundwa huko mwaka 1913, ikakaguliwa, kisha ikavunjwa na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalivuka bahari, yakapanda reli, yakateremshwa Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda walikuja nayo: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Chini ya uongozi wao Wahindi kadhaa na Waafrika wengi zaidi walipanga mbavu za meli, wakachoma misumari ya ribiti, wakaigonga ikiwa ingali myekundu kwa moto, hata tarehe 5 Februari 1915 chombo chenye urefu wa mita zipatazo 70 kikashuka majini.

Nasimama hapa kidogo. Majina ya mafundi watatu waliotoka Papenburg twayajua, na ni haki tuyajue, kwani walifanya kazi kubwa mbali na kwao. Lakini yule aliyeshika koleo la ribiti, yule aliyevuta vivuto vya moto, yule aliyelala chali chini ya mkuku akigonga pale asipoweza kupageuzia shingo, majina yao hayasomwi pamoja na yale matatu. Hata hivyo, meli yenyewe ni hati waliyoiandika. Kama ribiti zao zingalikuwa mbovu, ziwa lingalisema siku ile ile.

Vita vilipogeuka, mwezi Julai 1916, Wadachi walilazimika kuiacha Kigoma. Tarehe 26 ya mwezi huo meli ilizamishwa karibu na mlango wa Mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui. Lakini namna ya kuizamisha ndiyo inayostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa uhandisi. Mitambo ilipakwa grisi nene pande zote, meli ikajazwa mchanga, ikateremshwa kwa uangalifu mahali pasipo na kina kirefu. Aliyeunda kitu kwa mikono yake hawezi kukiua kwa moyo mkunjufu. Hukizika akitumaini ufufuo. Wabelgiji walioitwaa Kigoma waliiinua, nayo ikazama tena katika dhoruba. Waingereza wakaiinua mwezi Machi 1924, na walipofungua mitambo wakaiona ingali yafaa kutumika. Mwezi Mei 1927 meli ilianza safari zake upya kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hili. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ilitolewa ikatiwa injini za dizeli, na chombo kikaendelea kubeba watu, mahindi, dagaa na mananasi mpaka karne hii ya sasa.

Siku hizi wasomi husema sana juu ya majengo endelevu, yaani majengo yanayodumu bila ya kuwala watoto wetu urithi wao. Mimi sioni mfano wa neno hilo ulio wazi kuliko meli hii. Ilidumu kwa sababu iliundwa iweze kufunguliwa. Kwa sababu sehemu iliyokufa iliweza kutolewa na kutiwa nyingine. Kwa sababu palikuwapo siku zote, katika chelezo na karakana za Kigoma, watu walioijua kwa mikono yao. Chuma peke yake hakidumu. Kinachodumu ni chuma pamoja na ujuzi wa kukitengeneza, na ujuzi huo ukikatika kwa kizazi kimoja, chuma huwa kutu.

Sasa na tuyatazame majumba ya elimu. Makerere, iliyo mzazi wa vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki, ilifunguliwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake 14 wa kwanza walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 ilikuwa chuo chenye uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Kupanda huko kulikuwa kwa fahari, lakini kulikuwa na bei yake. Kazi za mikono zilitengwa, na mwisho zikahamia kilima kingine, Kyambogo. Kalamu ikabaki kilima kimoja, randa ikakaa kilima cha pili, na bonde likawa katikati. Kwetu Tanganyika, Dar es Salaam ilipata Chuo cha Ufundi mwaka 1957, na chuo kikuu kilianza mwaka 1961 kwa masomo ya sheria. Aliyetaka uhandisi wa chuo kikuu alikwenda Nairobi au ng'ambo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, akilaumu elimu inayomfanya kijana aone haya kushika jembe. Miaka sita baadaye, mwaka 1973, Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Kitivo hicho kilianza na karakana zake, na wanafunzi wake walipelekwa viwandani kwa mafunzo ya vitendo. Hilo lilikuwa jaribio la haki la kujenga daraja juu ya lile bonde.

Lakini daraja si sawa na kutokuwapo kwa bonde. Nilipata kualikwa katika chuo kimoja, nisichokitaja jina, nisome mbele ya walimu makala juu ya istilahi za ufundi. Nilionyeshwa jengo jipya la maabara. Madirisha yake yalikuwa ya kioo kisichofunguka, na umeme ulipokatika saa nne asubuhi viyoyozi vilinyamaza, nasi tukatoka nje tukitweta. Mashine zilikuwa nyuma ya mlango wa chuma, na mwenye ufunguo alikuwa safarini. Nyaya, mabomba na boriti zote zilifichwa ndani ya dari nyeupe. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwa adabu, «Mwalimu, hapa twasoma majengo yote isipokuwa hili.» Nilicheka naye, lakini usiku sikupata usingizi mapema. Jengo lile lilikuwa likifundisha kila siku, nalo lilifundisha kwamba nyumba hutoka kwingine, hufanya kazi kwa siri, na ikiharibika hungojewa mtu kutoka mbali.

Pengine msomaji atasema: elimu njema haitaki jumba, Ujiji wenyewe una miembe mikongwe, na chini ya mwembe mwalimu mwema aweza kufundisha lolote. Nakubali nusu ya hoja hii. Sheria yaweza kufundishwa chini ya mwembe, na ushairi hupendeza zaidi hapo. Lakini mtambo hauwezi kuachwa mvuani, chuma hakiyeyushwi juu ya mkeka, na timazi haina kazi pasipo ukuta. Tena mhandisi hujifunza katika vitu, na jengo ndicho kitu kikubwa kuliko vyote anavyokaa navyo. Kama ni kweli kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali, basi mzinga wenyewe hauna budi uchongwe vizuri.

Na tuseme, kwa ajili ya hoja, kwamba siku moja nyumba ya namna hiyo itajengwa katika pwani ya Kigoma. Somo la kwanza lingekuwa mahali pa kuiweka, na mwalimu wake ni ziwa. Katika karne ya 19 maji ya Tanganyika yalipanda mpaka yapata mwaka 1878, ndipo yalipovunja takataka zilizoziba Mto Lukuga upande wa magharibi, yakashuka kwa mita nyingi katika miaka iliyofuata. Ndiyo sababu mahali pa ukumbusho wa Livingstone pale Ujiji, palipokuwa karibu na maji alipokutana na Stanley mwaka 1871, leo pako mbali na ufuo. Mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960 ziliyapandisha tena, yakafikia kilele mwaka 1964. Na katika miaka ya 2020, hasa mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba na barabara za miji ya pwani kama Bujumbura, Uvira na Kalemie. Basi aonaye ufuo mpana asidhani kuwa ni kiwanja kitupu. Ni mali ya ziwa iliyoazimwa. Nyumba na ijengwe juu ya alama ya maji makubwa, na alama hizo zichorwe katika nguzo zake, ili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apite kando ya mwaka 1878 kila aendapo darasani.

Somo la pili ni jua na upepo, nalo lina fumbo zuri. Kigoma i karibu na nyuzi tano kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini mwezi Machi na mwezi Oktoba. Jua la asubuhi na la jioni ndilo lenye kuumiza kuta, kwa hiyo busara yadai jengo lilale kwa urefu toka mashariki hata magharibi, likiwa na mapaa yenye upenu mpana. Lakini upepo wa mchana hutoka ziwani, yaani magharibi, na jengo lililolala hivyo huupokea upepo kwa ncha yake nyembamba. Mjenzi atii jua au atii upepo? Jibu moja ni kulikata jengo vipande vipande, kila kipande kikae hatua kidogo pembeni mwa mwenzake, na nyua kati yao, ili upepo upinde na kuingia. Jibu jingine ni matundu ya juu ya kutolea hewa moto. Lipi ni bora? Hapo ndipo uzuri wa fumbo ulipo: wanafunzi na wapime wenyewe, chumba kwa chumba, mwezi kwa mwezi, kwa kipimajoto cha bei rahisi. Wazee wa Ujiji walikwisha kutoa jibu lao katika tembe zenye kuta nene na baraza ya mbele, mahali ambapo kivuli, mazungumzo na biashara vilikuwa kitu kimoja.

Somo la tatu ni vifaa. Tofali la kuchoma ni imara, lakini tanuri lake hula kuni nyingi. Tofali la udongo ulioshindiliwa na kutiwa saruji kidogo, lile la kufungamana, halitaki moto, nalo limehimizwa hapa Tanzania kwa miaka mingi na wataalamu wa utafiti wa nyumba. Mashine yake ya mkono yaweza kufunguliwa na kufungwa na mwanafunzi katika alasiri moja. Kenchi za paa na zifungwe kwa bolti zinazoonekana. Mabomba yapite nje ya ukuta. Maji ya mvua, ambayo Kigoma huyapata kwa wingi toka Novemba hata Aprili, yaingie katika tangi ambalo kina chake husomwa na kuandikwa daftarini. Mji huu uliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, na wenyeji wake wajua thamani ya nyumba inayoweza kupumua bila ya mashine.

Haya si ndoto za mtu wa lugha aliyepotea njia akaingia katika karakana. Katika Marekani, chuo cha Tuskegee kilichoanzishwa mwaka 1881 chini ya Booker T. Washington kilijengwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi wake wenyewe. Walianza kufyatua matofali bila ya ujuzi, na tanuri tatu zikaharibika moja baada ya nyingine; Washington aliweka saa yake rehani apate fedha za tanuri ya nne, nayo ikafaulu. Tangu mwaka 1892 Robert R. Taylor, msanifu Mweusi aliyehitimu katika chuo cha MIT, aliwaongoza katika ramani na ujenzi, ramani na mwiko vikiwa katika shule moja. Na karibu nasi zaidi, juu ya Ziwa Turkana nchini Kenya, msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga chuo cha vijana kilichokamilika mwaka 2021. Minara yake mirefu hutoa hewa moto kwa mfano wa vichuguu vya mchwa vya nchi ile. Mwanafunzi wa Turkana hatazami jengo lake akaona ugeni. Huona kichuguu alichokijua tangu utotoni, kimeelezwa kwa hesabu.

Katika mifano hii yote liko jambo moja ambalo naliona ndilo kiini. Nyumba ya kufundishia uhandisi haipasi kukabidhiwa ikiwa imekwisha. Na ijengwe ikiwa na upungufu uliokusudiwa: ubawa mmoja uachwe, na kila darasa liongeze kipande chake, likarabati cha waliotangulia, na lifungue kile kilichothibitika kuwa kibaya. Watu wa hesabu za fedha watasema kuwa kazi za wanafunzi zina kasoro. Ni kweli. Ndiyo sababu pawepo fundi mzoefu kando yao, mwashi na seremala wa Kigoma, aliyeajiriwa kwa cheo cha mwalimu na mshahara wa mwalimu. Hapo ndipo jaribio lote litakapopimwa. Tukimwita fundi huyo aje asimame pembeni avae ovaroli, alhali mhandisi asimama mbele na chaki, tutakuwa tumejenga lile bonde tena, safari hii ndani ya nyumba.

Nilipokuwa Kigoma nilisimama siku moja mbele ya stesheni ya zamani, pale reli inapokoma. Jumba lile la Wadachi, lenye matao yake na kuta zake nene, lingali lasimama, na ndani yake mna ubaridi wakati nje kuna joto. Niliweka kiganja ukutani. Nikafikiri: mkono ulioliweka jiwe hili ulijua kitu, na kitu hicho hakikuandikwa kwa jina la mwenye mkono. Basi kama nyumba niliyoieleza itajengwa, naomba jambo moja ambalo si la uhandisi, bali ni la msomi wa maneno. Karibu na mlango, mahali pasipofikiwa na mvua, uachwe ukuta mpana usiopakwa rangi. Kila aliyechanganya udongo, aliyechora, aliyepiga hesabu, aliyebeba maji, aandikwe jina lake kwa mfuatano wa siku aliyoanza kazi, bila ya kutenga fundi na mhandisi. Ukuta huo utakuwa kitabu cha kwanza cha kitivo, na mwanafunzi atakayeusoma atajua mara moja kwamba nafasi ya jina lake ingali tupu, na kwamba haijazwi kwa wino peke yake.